Ukuta Mtupu wa Nyumba ya Mzee Lazarus

Vigoda vya Mzee Lazarus havikuuzwa. Hilo lisemwe kwanza, na lisemwe kwa sauti, kwa sababu kinyume chake kimesemwa kwa sauti sana: kwenye steji ya matatu ya Riruta, kwenye saluni ya Nanjala, na hata nje ya kanisa kabla watu hawajafunga vitabu vya nyimbo. Walisema Mwalimu Waithera, mjane wa Ephantus, alivipakia kwenye pikapu akampelekea Mhindi mjini. Walisema alimfukuza mgeni mkubwa kwa sababu ya kiburi. Wengine, ambao hawakuwepo, waliongeza kwamba alisimama mlangoni akicheka.

Hakuuza, hakufukuza, na hakucheka. Kiburi anacho, na hajawahi kukikana.

Nyumba yenyewe iko Riruta, ukitoka Barabara ya Naivasha na kuingia ndani kidogo, nyuma ya ploti za kupangisha ambazo kila mwaka zinaongezwa orofa. Chini ni mawe, juu ni mbao. Aliyeijenga ni Lazarus, baba mkwe wa Waithera, seremala na mwinjilisti, zamani kabla ya vita vya Hitila. Chumba cha juu alikitoa kwa watu waliotaka kujua kusoma. Walikuja jioni wakitoka vibaruani, wanaume kwa wanawake, na mara ya kwanza walikuja wengi mno. Sakafu ikalia. Wazee walioisikia walisema ililia kama ng'ombe anayezaa.

Lazarus hakumfukuza mtu. Aliwashusha wote polepole, kisha akaenda akachonga vigoda, vya miguu mitatu, kila kimoja na tundu katikati. Kwenye ukuta wa baraza akapigilia vigingi kumi na vinane akavitundika. Sheria yake ilikuwa fupi: anayepanda abebe kigoda chake, akikalie, na akishuka akirudishe mahali pake. Ukuta ukiwa mtupu, nyumba imejaa. Kaa chini usubiri. Hakuweka mlinzi wala kamba. Ukuta ulitosha.

Maneno hayo yakaota mizizi. Hadi leo, Riruta ile ya zamani, arusi ikiishiwa na chakula hutamsikia mama akisema sufuria zimekwisha. Atasema, "Ukuta mtupu, jamani," na wageni wataelewa.

Waithera aliolewa katika nyumba hiyo akiwa na cheti cha ualimu tayari, jambo ambalo mama mkwe wake alilitaja kwa wageni kabla ya kutaja jina lake. Alifundisha jiografia katika shule za sekondari za Nairobi mpaka akastaafu. Ephantus, mumewe, mwana wa kwanza wa Lazarus, ndiye aliyeitunza nyumba. Ni yeye aliyemleta Amarjit Singh, fundi wa mbao kutoka Kirinyaga Road, aangalie boriti za orofa. Amarjit alitambaa chini ya sakafu na tochi mdomoni, akatoka na utando kwenye kilemba, akasema, "Huyu mzee wenu alijua kazi. Lakini watu wakae. Wakikaa, sawa. Wakisimama wote upande mmoja kupigwa picha, mimi sitaki kuwa chini."

Ephantus alifariki mwaka wa 2004, kwa kisukari, hospitalini, akiwa ameungama na kuaga kila mtu. Kabla ya hapo alimkabidhi mkewe ufunguo wa orofa mbele ya jamaa wote. Mwaka uliotangulia nyumba ilikuwa imepata kibao cha urithi, na wageni walikuwa wameanza kumiminika: wanafunzi, wazungu, watu wa vyuo vikuu, familia zilizosikia kwamba babu yao alijifunzia A na B pale.

Waithera aliupokea umati ule kama alivyolipokea kila darasa. Aliziandikia shule, hii ije asubuhi na ile alasiri. Akaufungua mlango wa zamani wa upande wa jikoni, penye ngazi ya nje, ili wanaoshuka wasikutane na wanaopanda. "Mto una chanzo na una mdomo," aliwaambia walimu waliolalamika kwamba ni mzunguko. "Hauendi pande mbili." Wageni walishukia jikoni, wakapita kando ya tangi la maji na kigoda mkononi, wakarudi barazani kukitundika. Waliokuwa wakisubiri uani aliwapa kazi ya kuuchora mlango wa mbele, maana mtu anayeuchora mlango huuona, na asiyeuchora huupita tu. Mabalozi wamebeba vigoda vyao katika nyumba ile. Maaskofu wamevibeba. Hakuna aliyepungukiwa na kitu.

Sasa tumfikie Dan.

Dan ni kitinda mimba wa Lazarus, shemeji yake Waithera. Ofisi yake ya kuuza mashamba na nyumba iko Hurlingham, na huko ndiko alikoishi tangu alipopata gari lake la kwanza. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya nyumba, kwa sababu ni mtoto wa mwenyewe na kwa sababu anajua kuzungumza. Jambo moja lilimkaa rohoni kama mfupa kooni: ufunguo ulikuwa kwa mwanamke wa kuolewa.

Mwaka wa 2007, mwaka wa kampeni, Dan alileta habari kwenye kamati. Tajiri mmoja wa Kitisuru aliyetaka kwenda bungeni angezuru nyumba Jumamosi. Angepanda orofani na watu wake, asimame penye dirisha la Lazarus, na wapiga picha wampige huku umati umemzunguka. Akishapita uchaguzi, njia ya kutoka barabara kuu hadi nyumbani ingetiwa lami.

"Karibu yake," Waithera akasema. "Achukue kigoda."

Dan akacheka, akawatazama wanakamati. "Mama Nyawira, huyu ni mheshimiwa. Tutamwambia abebe stuli kama mama wa kuuza mahindi?"

"Baba yako alikuwa akibeba."

"Baba alikuwa na shida zake. Watu wake ni kama sitini, wasimame tu dakika mbili, picha, washuke. Nyumba imesimama miaka yote hii, itaangushwa na dakika mbili?"

"Imesimama kwa sababu hakuna aliyeiomba dakika mbili."

Nanjala, mweka hazina, akainamisha kichwa asionekane akitabasamu. Dan alimwona. Hapo ndipo aliposema neno ambalo wanakamati wote walilisikia.

"Wacha nikuambie kitu, shemeji. Hii ni nyumba ya baba yangu. Wewe uliolewa tu hapa."

Waithera aliweka miwani yake mezani. "Ni kweli, Baba Ken. Nilipoolewa hapa wewe ulikuwa ukienda shule bila viatu, na jozi ya kwanza ulinunuliwa kwa mshahara wangu. Basi keti, tuendelee na mkutano."

Hakuna aliyeendelea na mkutano.

Ijumaa Waithera alikuwa mjini tangu asubuhi, kwa daktari wa macho, na alirudi jua likiwa limeshapoa, akaingia kwake kwa mlango wa jikoni bila kupita barazani. Jumamosi alipoamka na kwenda mbele kufagia, aliona ukuta. Vigingi vyote vilikuwa wazi, vimetokeza kama vidole. Chini yake, kwenye vumbi, palikuwa na alama za magurudumu ya pikapu hadi langoni.

Alijua mara moja. Ufunguo wa lango la nje walikuwa nao watu wawili, na mmoja wao ndiye aliyekuwa amesimama na ufagio.

Wanaomsema hawajui kilichompitia pale. Angeweza kupiga kamsa. Angeweza kumwita chifu, na kabla ya chai ya saa nne mtaa wote ungejua kwamba mwana wa Lazarus ameiba mali ya Lazarus. Mgeni angeambiwa, magazeti yangeandika, na jina lililokaa safi tangu wakati wa mkoloni lingekuwa kichekesho cha steji. Sakafu ingepona. Jina lingevunjika. Na akinyamaza, watu sitini wangepanda kwa miguu yao wakasimame penye dirisha, kwa sababu ndiyo hesabu aliyopiga Dan: pasipo vigoda, hakuna sheria.

Alifagia baraza. Akafagia na alama za magurudumu. Kisha akafungua mlango wa mbele kama siku zote, akatoa kiti chake cha kawaida, akakaa uani chini ya ukuta ule.

Shule moja kutoka Kitisuru ilikuwa imepangiwa asubuhi hiyo. Basi lilifika, watoto wakashuka wakipiga kelele, wakakimbilia barazani. Wa mbele wakasimama ghafla.

"Cucu, hakuna stuli!" mmoja akamwambia Waithera, akimwita bibi.

"Naona."

"Kumejaa?"

"Mnasema nini ukuta ukiwa hivyo?"

"Tunakaa tunangoja," wakajibu kwa pamoja, maana wengine walikuwa wameshakuja mwaka uliopita. Wakaketi kwenye nyasi, wakatoa penseli, wakaanza kuuchora mlango.

Baada yao wakaja akina mama wa kanisa, wamevaa vitambaa vyao vyeupe kwa ajili ya mgeni. Wa kwanza alikuwa Mukonyo, ajuza aliyejifunza kusoma orofani humo akiwa bi harusi, na ambaye kwa umri wake hakuna aliyethubutu kumharakisha. Alitazama ukuta. Akatandaza leso yake karibu na watoto, akajishusha taratibu. Akina mama wengine wakafanya vivyo hivyo. Wakaja wazee. Wakaja wapangaji wa ploti za jirani waliosikia kuna mkutano. Kila aliyefika aliutazama ukuta, akatafuta pa kukaa. Waithera hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba nyumba imejaa. Hakuwa amemwambia mtu yeyote chochote.

Msafara wa mheshimiwa ukaingia kwa honi na muziki. Vijana wenye fulana zenye picha yake wakaruka kutoka kwenye magari kutengeneza njia. Mmoja akamsogelea Waithera.

"Mathe, songa kidogo, mheshimiwa ana haraka."

"Mama yako umemwacha kwenu," Waithera akasema bila kuinuka. "Hapa naitwa Mwalimu. Na sijaiziba njia. Mlango ule pale, uko wazi."

Kweli ulikuwa wazi. Lakini kati ya magari na mlango, ua mzima ulikuwa umejaa watu waliokaa chini, na hakuna aliyeonyesha dalili ya kuinuka. Kijana akakwama na mguu mmoja hewani, kati ya mtoto na kikapu cha Mukonyo.

Mheshimiwa akashuka, amevaa suti ya rangi ya maziwa, Dan kando yake. Alitabasamu kwa watu waliokaa, akidhani wamekaa kwa ajili yake. Akamsalimia Mukonyo. "Mama, mbona mko hapa nje? Twende juu pamoja tupigwe picha."

"Nyumba imejaa, mwanangu," Mukonyo akamjibu.

Mheshimiwa akatazama juu, kwenye dirisha. Palikuwa kimya. "Imejaa nani?"

"Hatujui. Wakishuka tutawaona."

"Hakuna mtu huko!" Dan akapaza sauti. "Mheshimiwa, twende, nyumba ni tupu kabisa. Wazee, inukeni jamani!"

Mukonyo akaunyosha mkono wake mwembamba kuelekea baraza. "Dan mwana wa Lazarus, ukuta ndio mtupu. Kama hakuna mtu juu, stuli ziko wapi?"

Dan akageuka kuutazama ukuta.

Lilikuwa kosa la mtu aliyekulia katika nyumba hiyo halafu akahamia Hurlingham mapema mno. Alidhani sheria imekaa ndani ya vigoda, kwa hiyo ukiviondoa umeiondoa. Alisahau kwamba kwa watu wa pale sheria ilikaa ukutani, na yeye kwa mikono yake alikuwa ameijaza nyumba pomoni bila kumwingiza mtu hata mmoja. Sasa angesema nini? Akisema anajua kwamba nyumba ni tupu, aseme pia amejuaje. Akisema vigoda viko wapi, aseme ni nani aliyevipeleka.

"Dan," mheshimiwa akamuuliza kwa sauti ya chini, "hizo stuli ziko wapi?"

Dan akamtazama Waithera. Umati wote ukamtazama Waithera. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na lingemwokoa yeye na kumzika shemeji yake papo hapo. Alifuta miwani yake kwa ncha ya kitambaa.

"Havipo ukutani," akasema.

"Huyu anataka kiti cha bunge na kigoda kinamshinda!" mzee mmoja akadakia kutoka nyuma, na ua ukaangua kicheko. Labda hicho ndicho kicheko wanachomsingizia Waithera. Mheshimiwa alikunja uso, akatazama saa, akasema ana watu wanaomngoja mahali pengine. Magari yakageuka kwa shida penye lango jembamba. Muziki wao ulisikika mpaka Barabara ya Naivasha. Njia ile haijatiwa lami hadi leo, na Waithera akiambiwa hivyo hujibu kwamba vumbi halijawahi kuiangusha sakafu.

Jumatatu alikwenda mjini. Ndiyo, Kirinyaga Road; ndiyo, kwa Amarjit Singh. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Katika ukoo wao, kitu cha mbao kikitakiwa kukaa salama, hupelekwa kwa Amarjit, na Dan pamoja na makosa yake yote asingevitupa vigoda vya baba yake kwenye bohari ya vyuma vikuukuu. Alivikuta vimepangwa ukutani katika karakana, juu ya gunia safi, mbali na msumeno.

Amarjit alimvutia kiti. "Mwalimu, Dan alileta hizi Ijumaa. Akasema ni za kupaka vanishi, lakini nisiguse kwanza. Mimi nikajiuliza, vanishi gani ya kutogusa?"

"Usiziguse."

"Sijagusa. Moja tu, mguu ulikuwa unacheza, nimekaza. Ya Mzee, siwezi kuacha ikicheza." Akatazama pembeni. "Kuna shida nyumbani?"

"Hakuna shida nyumbani, Singh. Nitafutie pikapu."

Vigoda vikarudi mchana kweupe, na Nanjala akaviona vikishushwa. Kutoka saluni yake habari ilienea kabla vigingi havijajaa: Mwalimu alikuwa ameviuza kwa Mhindi, wakakosana bei, amevirudisha. Mtu mmoja wa steji aliyekuwa ameona pikapu ya Ijumaa akaongeza chumvi yake. Nyawira, binti yake, alipiga simu akilia. "Mami, sema basi ni nani! Wanakuita mwizi!"

"Wakiniita mimi mwizi, wanajua wanadanganya," Waithera akamjibu. "Wakimwita mwana wa Lazarus hivyo, watakuwa wanasema kweli. Lipi baya zaidi?"

Jumapili iliyofuata alikaa kanisani kwenye benchi lake la mbele, mgongo wima. Aliyetaka kumtazama akamtazama.

Jioni ya Jumapili hiyo gari la Dan lilisimama langoni. Hakupiga honi. Hakuja kwa mlango wa mbele; alizunguka tangi la maji, akapanda vipandio viwili vya jikoni kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo. Waithera alikuwa akichambua majani ya kunde. Dan alikaa humo mpaka kunde zikaiva, wakala, na mlango ulikuwa umefungwa.

Kamati ilipokutana tena, Dan alisimama kabla ya sala. "Stuli nilizichukua mimi," akasema. "Nilizipeleka kwa Amarjit ili mgeni asizibebe. Mwalimu hakuuza kitu, na hakunitaja mlipomsema." Akautoa ufunguo wake wa lango, akauweka mbele ya Waithera. Waithera akausukuma kumrudishia, kwa kidole kimoja juu ya meza. "Ni wa mwana wa nyumba," akasema.

Jumamosi iliyofuata, shule ya Kitisuru iliporudi kuona ilichokosa, Dan alichukua kigoda cha mwisho ukutani akapanda na watoto. Alishukia upande wa jikoni, akakitundika. Walioshuhudia wapo.

Hapo mambo yangekwisha, kama watu wangekuwa watu. Lakini sasa wanasema Dan alifundishwa maneno yale. Wanasema alitishwa kwa wosia. Wanasema alipiga magoti, wengine wanasema alilipishwa mbuzi, na wapo wanaoapa walisikia kilio jikoni. Nanjala, ambaye si mtu mbaya ila masikio yake hayana mlango, alikuja mwenyewe na mkate wa kununua, akakaa, akanywa chai, akasifia maua, kisha akashindwa kuvumilia.

"Mwalimu, mimi si wa kuchochea. Lakini siku ile jikoni, ulimwambia nini mpaka akakubali hadharani? Watu wanataka kujua."

Waithera alikichukua kikombe cha mgeni wake, kilichokuwa na chai bado, akakiweka kwenye sinia.

"Vigoda ni vya watu wote, na watu wote wameshaelezwa vilikokuwa," akasema. "Jikoni ni kwangu. Sisemi."

"Hata kidogo?"

"Nimemaliza, Nanjala. Chukua mwavuli wako."